Jumamosi Nzima Bila Kubadilisha Stesheni

Redio hiyo niliikuta juu ya jokofu katika chumba nilichopanga mwaka 2010, nilipokuwa nikiishi Marekani kwa masomo. Mpangaji aliyenitangulia aliiacha, nadhani kwa sababu hakuona faida ya kuibeba: kitufe cha kutafutia stesheni kilikuwa kimevunjika na kubakiza kijiti chembamba cha chuma ambacho hata koleo halikuweza kukizungusha, na sindano nyekundu ilikuwa imekwama upande wa kushoto wa kioo, kati ya namba 88 na 92. Sauti ilipanda na kushuka vizuri, ila stesheni haikubadilika. Wakati huo sikujua kwamba kipande hicho cha masafa ya FM ndicho kilichotengwa na serikali ya Marekani tangu mwaka 1945 kwa ajili ya vituo visivyofanya biashara, na kwamba lau sindano ingekwama vidole viwili upande wa kulia, ningesikia redio nyingine kabisa na makala haya yasingekuwapo.

Jumamosi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mwezi wa Aprili. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimeteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi, nikaambiwa nisikikanyagie, nami nikaketi jikoni mguu mmoja ukiwa juu ya kiti cha pili, na mezani kukiwa na rundo la karatasi za wanafunzi nilizopaswa kuzisahihisha. Mwenzangu wa nyumba aliiwasha redio kabla ya kwenda kazini. Juu ya jokofu sikuweza kuifikia bila kusimama, na sikutaka kusimama. Kwa hiyo haikuzimwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, nami kwa mara ya kwanza maishani nikasikiliza siku nzima ya redio kwa mfululizo, kama ilivyopangwa na mtu mwingine.

Siku ilifunguliwa na Weekend Edition Saturday, kipindi chenye urefu wa saa mbili ambacho NPR, shirika la redio ya umma la Marekani, ilikianzisha Novemba 1985 na ambacho sauti yake kuu tangu mwanzo ni Scott Simon. Ni kipindi cha habari, lakini habari zake hazina pupa ya siku za kazi. Simon huuliza swali, kisha humwacha mtu ajibu mpaka mwisho, hata akisita, hata akijirudia. Baada ya taarifa fupi ya mwanzo wa saa, alimkaribisha Daniel Schorr wapitie pamoja mambo ya wiki, kama walivyokuwa wakifanya kila Jumamosi. Schorr alikuwa na umri wa miaka 93. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, na kila sentensi aliisema kama mtu anayeweka jiwe mahali pake kabla ya kuinua jingine. Mimi sikumjua. Nilidhani ni mzee mwenye hekima aliyealikwa siku hiyo tu, mpaka jioni mwenzangu aliponieleza kwamba mwaka 1973, akiwa mwanahabari wa televisheni ya CBS, mzee huyo alisimama mbele ya kamera akisoma moja kwa moja hewani orodha ya watu ambao ikulu ya Rais Nixon iliwahesabu kuwa maadui, orodha ambayo ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa, na alipofika namba 17 akakuta jina lake mwenyewe. Akalisoma, akaendelea na namba iliyofuata. Asubuhi ile sikuwa na habari ya hayo yote, na bado niliweka kalamu chini ili nimsikilize. Alifariki tarehe 23 Julai mwaka huohuo, miezi mitatu baadaye, na kwa Jumamosi kadhaa nilijikuta nikimngojea.

Ilipotimia saa tatu, mtangazaji wa kituo cha mji wetu aliingia, akataja joto la nje na uwezekano wa mvua za mchana, akalitaja jina la kituo, kisha akakaribisha kipindi kilichofuata. Sauti hiyo ya dakika moja ningependa msomaji aikumbuke, kwa maana ndiyo inayoeleza jinsi siku ile ilivyoundwa. Wengi hudhani NPR ni shirika la utangazaji la taifa kama yalivyo mashirika ya nchi nyingine nyingi, lenye jengo moja kubwa na mitambo nchi nzima. Sivyo. Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya utangazaji wa umma tarehe 7 Novemba 1967, sheria ambayo mwanzoni ilikusudiwa televisheni peke yake na ikabidi watu wa redio wapigane ili nao waingizwe. NPR ikaundwa mwaka 1970, na ikaanza kurusha matangazo mwaka 1971. Lakini NPR hutengeneza na kusambaza vipindi, haimiliki vituo. Vituo ni vya vyuo vikuu, vya jumuiya, vya taasisi zisizo za faida, na kila kimoja hulipa ada kwa vipindi kinavyovitaka. Tena si kila kinachosikika humo ni cha NPR: mwaka ule kipindi cha adhuhuri kilisambazwa na Public Radio International, na cha jioni na American Public Media. Jumamosi niliyoisikia, basi, haikupangwa Washington. Ilipangwa na mtu mmoja katika kituo cha mji wetu, ambaye alikaa na orodha ya vipindi vyote vilivyopatikana na kuamua kwamba magari yafuate habari, kicheko kifuate magari, na simulizi nzito zingoje mpaka saa sita, watu wakiwa wamemaliza shughuli za asubuhi na masikio yametulia. Jina lake sijawahi kulisikia hewani hata mara moja, na kazi yake ndiyo ninayoisifu hapa kuliko ya mtangazaji yeyote.

Magari, kwa mfano. Sikuwa na gari wala sikutarajia kulipata, na kama kitufe kingekuwa kizima, Car Talk ndicho kipindi ambacho ningekiruka bila kufikiri mara mbili. Kiliongozwa na ndugu wawili wa Cambridge, Massachusetts, Tom na Ray Magliozzi, wote wawili wahitimu wa chuo kikuu cha teknolojia cha MIT, ambao mwaka 1973 walifungua gereji ambamo mteja alikodi nafasi na vifaa akatengeneza gari lake mwenyewe. Mwaka 1977 kituo cha WBUR cha Boston kiliwaalika mafundi kadhaa waje kujibu maswali ya wasikilizaji. Akatokea Tom peke yake, na alipoitwa tena akaja na mdogo wake. Miaka 10 baadaye kipindi kikawa kinasikika nchi nzima. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mtu alipiga simu, akataja jina lake na mji wake, kisha akaeleza gari lake linaumwa nini.

Asubuhi ile alipiga mwanamke mmoja ambaye gari lake lilitoa mlio kila alipokata kona. Wakamwomba auige mlio wenyewe. Akasita, akacheka kidogo, kisha akaufanya kwa ulimi: tak, tak, tak, tak. Wakamwuliza kama mlio unaongezeka kasi mwendo ukiongezeka; akasema ndiyo, akauiga tena kwa haraka. Kona ya kulia au ya kushoto? Akanyamaza, na katika ule unyamavu ulimsikia kabisa mtu anayekata kona kwa mawazo, akirudi barabarani, akiushika usukani. Ya kushoto, akasema. Wale ndugu wakaanza kubishana wao kwa wao, mmoja akimpinga mwenzake kwa furaha, mpaka wakakubaliana kwamba kiungo cha ekseli kimekwisha, kile kinacholiwezesha gurudumu la mbele kupokea nguvu ya injini huku likigeuka; kwamba mpira unaokifunika umechanika, grisi ikatoka, mchanga ukaingia, na sasa vyuma vinasagana. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi na karatasi ya mwanafunzi mbele yangu, na sikuwa nimeandika neno kwa dakika saba.

Nimefikiri mara nyingi ni kitu gani hasa kilichonishika. Ufundi wa magari haukuwa umenivutia kabla ya siku ile. Nadhani ni kwamba nilimsikia mtu akifikiri. Fundi wa kweli hana budi kuuliza kabla ya kujibu, na redio hukuruhusu kusikia maswali yanavyopunguza uwezekano mmoja baada ya mwingine mpaka unabaki mmoja. Walikuwa pia na desturi ambayo nimeisikia mara chache sana kwa watu wenye sifa ya ujuzi: baada ya wiki kadhaa walimrudia mpigaji simu wa zamani na kumwuliza, mbele ya nchi nzima, kama ushauri waliompa ulikuwa sahihi. Mara nyingine ulikuwa sahihi. Mara nyingine gari lilikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, nao wakakiri waziwazi. Kisha Tom angecheka. Kicheko chake kilianza chini kifuani, kikapanda, kikamnyima pumzi, na mara nyingi kilikuja kabla hajamaliza mzaha wenyewe, ikawa mdogo wake anamngoja apate pumzi.

Saa nne kikafuata Wait Wait... Don't Tell Me!, chemshabongo ya habari za wiki iliyoanza mwaka 1998 na ambayo huongozwa na Peter Sagal. Hurekodiwa Alhamisi jioni mbele ya hadhira, mara nyingi mjini Chicago, na Jumamosi vituo huirusha. Sehemu niliyoipenda zaidi ni ile ambamo wanajopo watatu humsimulia msikilizaji aliye kwenye simu habari tatu za ajabu. Moja ilitokea kweli, mbili wamezitunga wenyewe, naye lazima achague. Hapo ndipo unapogundua jinsi uongo uliosukwa vizuri unavyosikika mwepesi kuliko ukweli, kwa sababu mtunzi huondoa kila lisilolazimika, ilhali jambo lililotokea kweli huwa na vijisehemu visivyo na kazi: saa isiyo ya kawaida, jirani asiyehusika, kitu kilichosahaulika mezani. Nilianza kuichagua ya kweli kwa kutafuta vijisehemu hivyo, na hadi leo nikihariri maandishi ya mtu hutafuta vilevile.

Msimamizi wa alama alikuwa Carl Kasell, na kwake nitakaa kidogo. Kasell alisoma habari katika Morning Edition, kipindi cha habari cha asubuhi cha NPR, tangu kipindi hicho kilipoanza mwaka 1979 hadi mwisho wa mwaka 2009. Kwa miaka 30 watu waliamshwa na sauti yake, tulivu, isiyopanda wala kushuka kupita kiasi, sauti ya mtu ambaye hana haja ya kukushawishi kwamba anasema kweli. Kisha, akiwa na umri ambao wengi wamekwisha kupumzika, sauti hiyohiyo ikatumika kuigiza watu wa habarini na kusoma vishairi vya kuchekesha, bila kubadilika hata kidogo, na hapo ndipo hadhira ilipozidi kucheka. Mshindi wa shindano hakupewa fedha wala safari. Zawadi ilikuwa kwamba Kasell angerekodi ujumbe kwenye mashine ya kupokelea simu ya nyumbani kwa mshindi. Ukipiga simu na mwenyewe hayupo, unapokewa na Carl Kasell. Mpaka alipoiacha kazi hiyo mwaka 2014 alikuwa amerekodi ujumbe zaidi ya 2,000. Huwa nafikiria zawadi hiyo kama jambo zuri kuliko yote ambayo redio ya umma imewahi kubuni, kwa kuwa redio haina kitu kingine cha kutoa ila sauti, na hapa ilitoa hicho hasa, kwa mtu mmoja, kiingie nyumbani kwake na kibaki humo. Kasell alifariki Aprili 2018. Mahali fulani, naamini, kuna mashine ambazo wenyewe hawajathubutu kuzifuta.

Saa sita ikafika This American Life, kilichoanza Novemba 1995 katika kituo cha WBEZ cha Chicago chini ya Ira Glass, mtu aliyeingia NPR akiwa mwanagenzi wa miaka 19. Kila wiki kina mada moja na simulizi kadhaa zinazoizunguka, za watu wa kawaida wasiojulikana. Simulizi za siku ile zimechanganyika kichwani mwangu na nyingine nilizozisikia baadaye, kwa hiyo sitajifanya nazikumbuka. Ninachokumbuka ni muziki. Msimulizi alikuwa akizungumza, na chini ya sauti yake ukipita muziki mwepesi ambao baada ya muda unausahau. Kisha, alipofika kwenye sentensi ambayo simulizi yote ilikuwa ikiielekea, muziki ukakatika. Ukimya ule wa ghafla uliniinua kichwa kana kwamba mtu ameingia jikoni. Tangu hapo nimesikia ufundi huo ukiigwa mahali pengi, mwingi ukiwa umechoka, lakini kwa mara ya kwanza, saa sita na kitu mchana, bila kutarajia, ulinifanya nisikie uzito wa maneno matupu. Watu wa redio ya umma wana jina lao la dakika ambazo msikilizaji amekwisha kufika nyumbani, ameegesha gari, na hazimi injini kwa sababu simulizi haijaisha. Mimi nilikuwa na maji ya chai yaliyopoa mara mbili. Mwaka 2020 kipindi hicho kilipata tuzo ya kwanza kabisa ya Pulitzer ya uandishi wa habari kwa sauti, nami sikushangaa.

Alasiri sitaieleza kwa kirefu. Kulikuwa na kipindi cha mapishi, kulikuwa na saa moja ya muziki wa Uskoti na Ireland iliyoletwa na Fiona Ritchie, na nadhani nilisinzia. Lililonibakia ni kwamba kituo kilikuwa katika wiki ya kuchangisha. Kila baada ya muda vipindi vilikatizwa, na wafanyakazi wawili wakaanza kueleza kwamba kuirusha saa iliyopita kumegharimu fedha, kwamba sheria haiwaruhusu kurusha matangazo ya biashara kama vituo vingine, na kwamba anayesikiliza bila kuchangia anasikiliza kwa fedha za jirani yake. Walisema haya kwa adabu, wakataja namba ya simu, wakarudia. Wasikilizaji wengi hulalamikia wiki hizo. Mimi ziliniingia kwa namna nyingine, kwa maana zilikuwa dakika pekee ambazo redio ilifungua mlango wa nyuma na kuonyesha jiko lake: nani analipwa, kipindi kipi kinagharimu zaidi, watu wangapi wamepiga simu tangu saa nane. Nikapiga. Nilitoa dola 40, ambazo kwa mwanafunzi hazikuwa kidogo, na baada ya mwezi kikombe chenye jina la kituo kikaja kwa posta.

Saa kumi na moja jioni kilianza A Prairie Home Companion, moja kwa moja, kwa saa mbili. Garrison Keillor alikianzisha tarehe 6 Julai 1974 katika Chuo cha Macalester, St. Paul, Minnesota, mbele ya watu wapatao 12. Kufikia mwaka ule kilikuwa kikisikika nchi nzima kila Jumamosi kutoka ukumbi wa Fitzgerald mjini humohumo, au kutoka mji wowote kilikosafiri. Kulikuwa na muziki wa kila aina, kulikuwa na michezo mifupi ya kuigiza, na kulikuwa na Tom Keith, aliyefanya milio yote kwa kinywa na kwa vifaa vidogo: mlango mzito, farasi kwenye changarawe, helikopta, mbwa anayejuta. Kusikia hadhira ikicheka kwa sababu inamwona mtu akifanya mlio ambao wewe unausikia tu ni jambo la ajabu. Unacheka pamoja nao kwa kitu tofauti na chao.

Lakini kilichonifanya niweke karatasi zote kando kilikuja baadaye, pale Keillor aliposimama peke yake na kuanza kusimulia mambo ya wiki katika mji wa kubuni uitwao Lake Wobegon. Kwa muda wa dakika kama 20 hakuwa na karatasi mkononi. Alianza na hali ya hewa, akapita kwa mchungaji, akaingia jikoni kwa mama mmoja, akaacha jambo katikati na kwenda kwenye jingine, na ulipodhani amepotea kabisa akarudi na kulikuta lile la kwanza likimngojea mahali palepale alipoliacha. Nimekulia katika lugha ambamo msimulizi husema paukwa na wote wakaitikia pakawa, na katika jiko lile, peke yangu, nilisikia ukumbi wa mamia ya watu ukifanya jambo lilelile kwa kicheko kidogo cha pamoja mara tu mji ule ulipotajwa. Walikuwa wameitikia. Lazima niseme pia kwamba mwaka 2017 Minnesota Public Radio ilikata uhusiano na Keillor kutokana na tuhuma za mwenendo usiofaa kazini, na kwamba tangu hapo sijaweza kusikiliza marudio yake kwa moyo uleule. Sitaki kuifuta jioni ile, wala sitaki kuisimulia kana kwamba sikusikia yaliyofuata.

Saa moja mwenzangu alirudi, akazima redio, na jikoni kukawa kimya. Karatasi nilizokuwa nimezisahihisha zilikuwa 9.

Mengi ya siku ile hayapo tena. Tom Keith alifariki mwaka uliofuata. Ndugu wa magari waliacha kurekodi vipindi vipya Oktoba 2012, Tom Magliozzi akafariki Novemba 2014, na vituo vikaendelea kurusha marudio kwa miaka mingi kwa kuwa wasikilizaji hawakukubali kuyaacha. Keillor alistaafu mwaka 2016. Kipindi kikabaki kwa mwanamuziki Chris Thile, kikabadilishwa jina, kikafungwa mwaka 2020. Mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma kwa miaka miwili, na lile shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili kugawa fedha hizo likatangaza kwamba linafunga shughuli zake. NPR yenyewe ilitegemea fedha za serikali kwa sehemu ndogo sana, lakini vituo vya vijijini vyenye wasikilizaji wachache, ambavyo haviwezi kuchangisha vya kutosha hata vikikatiza vipindi mchana kutwa, ndivyo vinavyoumia. Na kituo kinapofungwa, kinachopotea si vipindi. Vipindi vinapatikana kwenye simu ya kila mtu. Anayepotea ni yule mtu asiyetajwa jina, aliyeamua kwamba magari yafuate habari.

Nami ni miongoni mwa waliomwacha. Kwa miaka kadhaa nilisikiliza kila kitu kama podikasti: nilipakua nilichokipenda, nikaruka nisichokipenda, nikasogeza mbele dakika za utangulizi. Nilisikiliza zaidi kuliko zamani, na nikakutana na mambo mapya machache kuliko zamani. Mtu asiye na gari hapakui kipindi cha magari. Asiyemjua Daniel Schorr hamtafuti kwa jina. Kila nilichosikia kilikuwa kimefanana na nilichosikia juzi, kwa sababu mchaguzi alikuwa mmoja, na mchaguzi huyo alikuwa mimi. Podikasti zimewapa sauti watu ambao mpangaji wa kituo asingewapa hata dakika tano, na hilo nalithamini kwa dhati. Ila hakuna hata moja kati yake iliyowahi kunipata nikiwa nimekaa na kitu kingine, mguu juu ya kiti, bila nia ya kuisikiliza.

Sasa Jumamosi hufanya hivi. Katika Aprili na Mei, saa zikiwa zimesogezwa mbele kule, saa moja asubuhi ya mji ule huwa saa tisa alasiri kwa Afrika Mashariki. Nafungua matangazo ya kituo kilekile kwa intaneti, naweka simu juu ya kabati ambalo silifikii nikiwa nimeketi, na naendelea na kazi zangu. Scott Simon bado yupo. Peter Sagal bado yupo. Katikati yao kuna vipindi ambavyo sivijui, vingine vizuri, vingine havinigusi, navyo vyote navisikiliza mpaka mwisho. Na kila saa inapotimia mtangazaji wa kituo huingia kwa ile dakika yake moja, sauti changa siku hizi, akasema kwamba asubuhi hii kuna ukungu karibu na mto, kwamba jua litatoka kabla ya adhuhuri, na kwamba daraja la upande wa magharibi limefungwa kwa matengenezo hadi Jumatatu.